Mhasibu wa 12,000 kwa mwezi au kijana wa saiba wa 500? Hesabu za duka jipya la vifaa vya ujenzi

*Swali: Niliacha kazi ya mapokezi katika hoteli moja Watamu mwezi wa nne, na sasa nafungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Malindi: simiti, misumari, rangi, mabomba. Jina la biashara nimesajili kupitia eCitizen, biashara ni yangu peke yangu, na PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru) ninayo. Natarajia kuuza kama 400,000 kwa mwezi, faida asilimia 20. Kodi ya pango la duka ni 15,000, kijana wa kunisaidia nitamlipa 18,000, na umeme, kibali, usafiri na mengineyo nakadiria 10,000. Mhasibu mmoja ameniambia atashika hesabu zangu zote kwa 12,000 kila mwezi. Kijana wa saiba (duka la kompyuta na intaneti) anasema huko ni kutupa pesa: atanijazia ritani ya sufuri kila Juni kwa 500, na kwamba mdogo kama mimi KRA hana habari naye. Nimsikilize nani? Na je, siwezi kushika hesabu mwenyewe?*

Dada yangu, wa kwanza anakuuzia huduma kubwa kuliko duka lako, na wa pili anakuandalia kesi. Hesabu za kila siku unaweza kuzishika mwenyewe, tena ni vizuri uzishike mwenyewe. Mhasibu mlipie kwa kazi chache zenye uzito: kikao kimoja kirefu kabla hujafungua mlango, mapitio ya vitabu kila baada ya miezi mitatu, na ritani ya mwaka. Kijana wa saiba akuchapishie mabango.

Nianze na hiyo ritani ya sufuri, maana ndiyo inayoumiza wengi. Sufuri ni tamko kwamba mwaka mzima hukupata kipato chochote. Wewe utakuwa na till, namba ya M-Pesa ya biashara, inayopokea pesa kila siku na wauzaji wa jumla wanaokuandikia ankara zenye PIN yako, na ankara hizo zinafika KRA kwa njia ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, siku ileile. Mtu anayenunua simiti ya mamilioni huku akisema hajauza hata mfuko mmoja hahitaji kutafutwa; mfumo wenyewe unamwonesha. Akikaguliwa, mkaguzi huchukua taarifa ya benki na ya M-Pesa na kuhesabu kila kilichoingia kuwa mauzo, mpaka mwenyewe aoneshe kwamba hiki kilikuwa cha chama na kile alitumiwa na kaka yake. Kwa hiyo fungua till ya biashara tangu siku ya kwanza na akaunti ya benki ya duka, na pesa za nyumbani zisipite humo.

Sasa tuangalie mpango wako, kwa sababu swali la mhasibu limefungwa humo ndani. Umesema faida asilimia 20. Asilimia 20 ya nini? Wenye maduka wengi hununua kitu kwa 100 na kukiuza 120, wakasema wanapata 20. Lakini 20 ukiigawa kwa 120 uliyouza ni asilimia 16.7. Tofauti inaonekana ndogo ila ndiyo inayoamua kama duka litasimama. Gharama zako za mwezi ni 15,000 za kodi, 10,000 za mengineyo, na kijana ambaye kwa kweli atakugharimu 19,400 (nitaeleza chini kwa nini si 18,000). Jumla ni 44,400. Kama faida ni 20 kwa kila 100 unayouza, unahitaji kuuza 222,000 kwa mwezi ili kurudisha gharama hizo tu, yaani kama 8,540 kwa siku ukifungua siku 26. Kama ni 20 juu ya bei ya kununua, kiwango hicho kinapanda hadi 266,400, zaidi ya 10,200 kwa siku. Na hapo wewe mwenyewe hujala. Kabla ya kujaza rafu, tenga gharama za miezi mitatu, kama 133,000, zikae benki bila kuguswa. Duka la vifaa vya ujenzi humeza mtaji haraka: makopo ya rangi ambazo hakuna anayezitaka, mabomba ya saizi zisizotoka, na simiti inayoganda ikikaa sana kwenye unyevu wa Pwani.

Tuchukulie hesabu yako nzuri: mauzo ya 400,000 kwa mwezi ni 4,800,000 kwa mwaka, faida ghafi ya asilimia 20 ni 960,000, ukitoa gharama za 532,800 unabaki na 427,200. Mhasibu wa 12,000 atachukua 144,000 kwa mwaka, theluthi nzima ya faida hiyo. Ndiyo maana nasema huduma yake ni kubwa kuliko duka. Si kwamba bei yake ni ya wizi. Mtu anayeingiza kila risiti, akalinganisha benki na kutengeneza ripoti kila mwezi anafanya kazi ya siku nyingi. Ila duka la mtu mmoja halina kazi hiyo yote.

Lakini kuna 144,000 nyingine, na hii wengi hawaioni. Biashara inayouza zaidi ya milioni 1 na isiyozidi milioni 25 kwa mwaka huangukia kwenye ushuru wa mauzo, TOT. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asilimia 3 ya milioni 4.8 ni 144,000. TOT haiulizi umepata faida au hasara, haikupunguzii kwanza kodi ya pango wala mshahara. Kwa kinyozi au fundi cherehani, ambaye sehemu kubwa ya anachopokea ni jasho lake, asilimia 3 ni nafuu. Kwa muuza simiti, ambaye katika kila 100 anayopokea 80 ni ya msambazaji, asilimia hizo 3 zinakatwa kwenye 20 zilizobaki.

Sheria inakuruhusu kujitoa TOT kwa kumwandikia Kamishna barua kwamba unataka ushuru wa mapato wa kawaida, unaotozwa kwenye faida. Kwa mtu binafsi ngazi zake kwa mwaka ni asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, 25 kwa 100,000 zinazofuata, na 30 kuanzia hapo hadi milioni 6. Kwa faida ya 427,200 inakuwa 28,800, kisha 25,000, kisha 11,760: jumla 65,560. Toa nafuu ya kibinafsi ya 28,800, unabaki na 36,760. Linganisha na 144,000. Tofauti ni 107,240 kwa mwaka, na inatokana na barua moja iliyoandikwa mapema. Kikao cha mhasibu hujilipa chenyewe hapo.

Usikimbilie barua hiyo bado. Katika mfumo wa kawaida, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza faida. Mishahara haimo kwenye sharti hilo, lakini manunuzi yamo, na kodi ya duka imo. Chukua hesabu zilezile, na useme umenunua mchanga, kokoto na mbao za 500,000 kwa watu wa lori wasiokupa chochote ila namba ya simu. KRA itaiona faida yako kuwa 927,200, hata kama pesa ulizitoa kweli. Ushuru unakuwa 186,760, umepita hata ule wa TOT. Kwa hiyo jibu la TOT au mfumo wa kawaida haliko kwenye kiasi cha faida peke yake. Liko kwenye karatasi. Kaa uandike wauzaji wako wote, na mbele ya kila mmoja uweke alama: anatoa eTIMS au hatoi? Mwenye nyumba usimsahau. Kwa muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5, sheria sasa inamruhusu mnunuzi kutengeneza ankara hiyo mwenyewe kupitia eTIMS, muuzaji aithibitishe. Mhasibu akuoneshe hatua zake. Kama karibu bidhaa zako zote zinatoka kwa wasambazaji wanaotoa ankara, mfumo wa kawaida unakufaa. Kama nusu inatoka kwa wasiotoa, baki TOT mwaka wa kwanza huku ukibadilisha wauzaji.

Wewe pia utatakiwa kutoa ankara za eTIMS kwa unachouza. Kwa duka lisilo kwenye VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) hakuna haja ya kununua mashine: kuna eTIMS ya bure kwa simu kupitia *222#, kwa programu ya simu, au kwa kompyuta. Anayekuambia lazima ununue kifaa cha maelfu anafanya biashara yake.

Kuhusu VAT, uko karibu na mstari kuliko unavyodhani. Kiwango cha kujisajili ni mauzo ya milioni 5 ndani ya miezi 12, na wewe unatarajia 4.8. Miezi hiyo 12 haianzi Januari: kila mwisho wa mwezi jumlisha miezi 12 iliyopita. Ukipita, una siku 30 za kuomba usajili. VAT si adhabu ukiielewa. Tuseme mfuko wa simiti unaununua 696, ambapo 96 ni VAT, na kuuza 760. Ndani ya 760 kuna VAT ya kama 105. Unadai 96 uliyolipa, unapeleka KRA kama 9. Ukiwa huna ankara ya eTIMS ya ule mfuko, unapeleka 105 zote, na faida yako ya 64 imeshakwenda na zaidi. Ndiyo maana wenye maduka huilaani VAT wakati kilichowaponza ni faili tupu.

Sasa daftari lako. Huhitaji programu mwaka huu. Nunua kitabu kikubwa cha mistari, kila siku ukurasa mmoja, na uandike: pesa taslimu ya kuanzia, mauzo ya taslimu, mauzo ya till, mauzo ya deni na jina la mdaiwa, madeni yaliyolipwa, manunuzi, matumizi, na pesa ulizochukua wewe. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa wazi na wengi. Jioni fanya hesabu ya droo. Kwa mfano: ulianza na 2,000, ukauza taslimu 9,350, mdaiwa akaleta 1,200, ukamlipa mwenye mkokoteni 450, ukatoa 1,000 za nyumbani. Droo inatakiwa iwe na 11,100. Ukihesabu ukakuta 10,800, andika “upungufu 300” hivyo hivyo, kwa kalamu. Usipunguze mauzo ili hesabu ikubali. Upungufu wa 300 mara moja ni chenji iliyokosewa. Ukitokea kila siku uliyomwachia kijana duka, daftari limekuambia kitu ambacho mhasibu wa mbali asingekiona.

Mara moja kwa mwezi hesabu stoki, angalau ya vitu vitano vinavyotoka sana. Misumari ya kupima kwa kilo itazame kwa jicho kali: ukimwongezea kila mteja gramu 30 kwa kilo kwa ukarimu, ni asilimia 3 ya mauzo imeondoka, sawa na TOT nyingine. Tarehe 31 Desemba hesabu kila kitu kilichobaki rafuni kwa bei ya kununua, kwa sababu bidhaa ambayo haijauzwa si gharama bado. Walio wengi huandika manunuzi yote ya mwaka kuwa matumizi, wakajionea hasara isiyokuwepo. Rafu na mizani navyo si gharama ya mwaka mmoja. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa miaka, na hiyo ni kazi ya mhasibu.

Risiti zile za karatasi laini hufifia baada ya miezi michache, hasa dukani kwenye joto. Zipige picha siku ileile na uziweke kwenye folda ya mwezi wake. Sheria inataka rekodi zikae miaka 5.

Kijana wako: kwa mshahara wa 18,000 hafiki kwenye PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, kwani huanza juu ya 24,000. Lakini atakatwa NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6, yaani 1,080, SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, yaani 495, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, yaani 270. Mkononi anapata 16,155; mweleze kabla hajaanza, siyo siku ya mshahara. Wewe unaongeza 1,080 ya NSSF, 270 ya nyumba na 50 ya NITA (mchango wa mafunzo ya kazi), ndiyo ikawa 19,400. Na kwa kuwa ushuru wa nyumba hupitia kwenye ritani ya PAYE, utaijaza kila mwezi kufikia tarehe 9 hata kama PAYE yenyewe ni sufuri. Kuichelewesha ni faini isiyopungua 10,000. Kijana wa saiba anayekumbuka KRA mwezi wa Juni tu angekuachia faini hizo zikirundikana mwaka mzima.

Hapo hapo, ingia iTax, tovuti ya KRA ya ushuru, leo uangalie mambo mawili. La kwanza, barua pepe iliyofungwa na PIN yako ni ya nani? Nyingi zilifunguliwa saiba kwa barua pepe ya mhudumu, na siku ukisahau nywila, yeye ndiye anayepokea ujumbe. Badilisha iwe yako. La pili, angalia majukumu ya ushuru uliyosajiliwa nayo. Ukikuta VAT ambayo hukuiomba, kila mwezi usiojaza ni faini ya 10,000 au zaidi. Omba iondolewe, na faini kama zipo, usizipuuze. PIN ya duka na yako ni moja, kwa hiyo mshahara wa hotelini wa Januari hadi Aprili utaingia kwenye ritani hiyohiyo ya mwaka huu, kufikia tarehe 30 Juni mwakani. Dai fomu ya P9, inayoonesha mshahara na ushuru uliokatwa, kwa mwajiri wako wa zamani mapema. Mshahara huo pia utakuwa umetumia sehemu ya ngazi za chini na ya nafuu, basi hesabu niliyokufanyia hapo juu ni ya mwaka kamili wa duka peke yake. TOT nayo haikuondolei ritani ya mwaka.

Nani basi ni mhasibu? Aliyefaulu mitihani ya uhasibu ya CPA ya KASNEB, bodi ya mitihani, ana elimu, lakini anayeruhusiwa kujiita mhasibu aliyesajiliwa ni mwanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu nchini, na anayefungua ofisi ya kuhudumia umma anatakiwa awe na cheti cha kuendesha kazi hiyo, kinachohuishwa kila mwaka. Muulize namba yake ya uanachama na uitafute kwenye orodha ya ICPAK. Anayekujazia ushuru kama wakala anatakiwa pia kuidhinishwa na KRA. Mkaguzi wa hesabu humhitaji: biashara ya jina la mtu mmoja hailazimiki kukaguliwa, isipokuwa benki ikikudai wakati wa mkopo. Kwa kupanga daftari na kulinganisha na taarifa ya till kila mwezi, karani mwenye diploma ya uhasibu anatosha, na bei yake ni nafuu.

Rudi kwa yule wa 12,000 uzungumze naye upya, huenda akakubali. Mwambie unataka vitu vitatu na bei ya kila kimoja: kikao cha kuanzia, mapitio manne kwa mwaka, ritani. Makubaliano yaandikwe, hata ukurasa mmoja: nani anajaza nini na kwa tarehe gani, nani analipa faini ikiwa yeye ndiye aliyechelewa, na kwamba rekodi ni zako na atazirudisha mkiachana. Nywila usimpe, iTax ina nafasi ya kumteua wakala akafanya kazi kwa kuingia kwa jina lake. Pesa za ushuru pia zisipitie kwenye simu yake. Atoe namba ya malipo kutoka iTax, ulipe mwenyewe, ubaki na uthibitisho. Akianza kwa kukuahidi “nitakushushia ushuru” kabla hajaona daftari, mshukuru uondoke. Ishara nzuri ni yule anayekuuliza maswali ya kuchosha: bidhaa unanunua kwa nani, deni unatoa kwa siku ngapi, mwenye nyumba anatoa ankara?

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayawezi kukumalizia, nenda ofisini uso kwa uso: ukipata barua yoyote ya KRA ya kudai au kukadiria ushuru, maana una siku 30 tu za kupinga, ukitaka kuingiza mshirika au kugeuza duka kuwa kampuni, ukipata zabuni ya kaunti au ya hoteli, ambako huenda wakakukata ushuru kabla ya kukulipa, au jumla yako ya miezi 12 ikigusa milioni 4.5. Kwa kikao cha kwanza beba jina la biashara lililosajiliwa, orodha ya wauzaji na alama zako za eTIMS, mkataba wa pango, P9, na ukurasa uliochapishwa wa majukumu yako kwenye iTax. Ukiwa na hivyo vitano mezani, saa mbili zinatosha.